Kufuli la Chemchemi

Amman, Jordan
14 Januari 2023

Baba,

Bwana asifiwe. Hamjambo hapo nyumbani? Mama je, na mifugo? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Mgongo tu ndio huniuma kidogo kwa kumwinua Hajja Nuha kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake, lakini hilo lisikunyime usingizi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza kama yule ng'ombe amezaa, ukanijibu kwamba mchungaji hajambo na anawasalimu. Mama alicheka mpaka nikamsikia akitafuta pa kushika. Najua masikio yako hayapendi simu, na wewe mwenyewe hupendi kuambiwa. Basi nimepatana na Nganga wa duka la simu hapo Chepilat. Barua zangu atakuchapia kwenye karatasi, na wewe ukishaandika majibu kwa kalamu atayapiga picha na kunitumia. Ulikuwa karani wa kituo cha majani chai maisha yako yote, mwandiko wako bado unasomeka kuliko wa daktari.

Kazi si mbaya. Hajja alikuwa mwalimu zamani. Mguu wake mmoja na mkono mmoja vilikufa baada ya kiharusi, lakini ulimi haukuguswa. Ananifundisha Kiarabu kwa kunigombeza.

Kitu kilichonishangaza huku si lugha wala joto. Ni maji. Mji mkubwa namna hii, maghorofa kila mahali, na maji ya mfereji huja siku moja tu kwa wiki. Mtaa wetu ni Jumanne. Kila nyumba ina tangi lake juu ya paa, na Jumanne watu huamka kama siku ya harusi: tunafua, tunaosha sakafu, namwogesha Hajja, tunajaza kila sufuria. Baada ya hapo ni kuhesabu kikombe kwa kikombe. Maji niliyooshea mchele namwagilia nanaa yake iliyo dirishani. Mimi, mtoto wa majani chai, niliyezoea kulalamika kwamba mvua haituachi tuanike nguo!

Hajja anasema kijiji chao huko milimani kilikuwa na chemchemi iliyozungusha jiwe la kusagia ngano. Sasa jina la chemchemi limebaki kwenye kituo cha basi tu.

Mama ananiambia kwamba chai haichuniki. Hataki kusema zaidi. Niambie wewe.

Binti yako,
Chepkemoi

*

Chepilat
2 Februari 2023

Chepkemoi, mama yangu,

Chamgei. Barua yako nimeipata. Nganga anasema yeye hasomi barua za watu, lakini alipokuwa akinipa aliniuliza kama Hajja amepata nafuu ya mguu. Siku nyingine mwandikie na yeye salamu, asione anatengwa.

Sisi tupo. Ng'ombe alizaa dume. Mchungaji pia, kwa kweli, hajambo.

Uliuliza habari za chai. Desemba ilikuja ile baridi ya kuunguza. Unaamka unakuta shamba jeupe, jua likitoka majani yanageuka rangi ya chuma chenye kutu. Tukasema ni kawaida, yatachipua. Halafu mvua ikakosa. Unakumbuka mvua yetu ya alasiri? Ulipokuwa shule ya msingi hukuhitaji saa. Wingu likipanda nyuma ya kilima, unajua ni wakati wa kuanua nguo. Mwaka huu wingu linapanda, linatuangalia, linaenda zake. Lori la kiwanda linapita vituoni na kurudi likigonga kama debe tupu.

Kijito cha Kipyegon kimekauka. Pale ndipo mimi na yeye tulikuwa tukioga tukiwa wavulana, na sasa kuku wake wanajipaka vumbi humo. Kisima cha shule kinatoa matope. Chemchemi yetu, ile iliyo chini ya jiwe mwisho wa shamba, bado inatoa, ingawa imekonda. Kwa hiyo kila mtu anakuja kwetu. Wanakuja wa kijiji chetu, na wanakuja wa ng'ambo pia, upande wa Nyamira. Mjomba wako Okemwa huja na punda wake na mitungi.

Mama yako amefurahi kama mtu aliyehamishiwa soko mlangoni. Anashinda pale chini akipiga Kikisii na watu wa kwao. Unajua Kiswahili kiliingiaje nyumba hii: nilipomwoa, nilingoja ajifunze Kikipsigis kwanza, naye akangoja nijifunze Kikisii kwanza. Tukakutana katikati, tukakulea hapo. Sasa nikiwapita kwenye foleni wanacheka, na nina hakika ni mimi ninayechekwa.

Jambo moja tu halikunipendeza. Jumatatu Kipyegon alileta ng'ombe wake wanywe kabla ya watu kuchota. Wakachafua yote. Mwanamke mmoja wa ng'ambo akasema neno, vijana wetu wakamjibu vibaya. Nikawatuliza. Kila mtu ana kiu, na mwenye kiu hasira yake iko karibu.

Linda mgongo wako. Inua kwa magoti.

Baba yako,
Aron

*

Amman
19 Februari 2023

Baba,

Salamu nyingi, na mwambie Nganga nimemsalimu na Hajja pia amemsalimu. Mguu haujapata nafuu. Mgongo wangu umepoa tangu nilipoanza kuinua kwa magoti.

Niliposoma habari ya Kipyegon na ng'ombe nilikaa nikawaza, kwa sababu hapa kwenye jengo letu kumetokea jambo. Chini yetu wanakaa wazee wawili, mmoja ghorofa ya kwanza, mwenzake ya pili. Kila jioni walikuwa wakicheza karata ngazini, mtu huwezi kupita na kikapu. Mwezi uliopita mmoja alikuta tangi lake tupu wakati halikupaswa kuwa tupu. Akaona mpira wa maji umelazwa karibu na tangi la mwenzake. Hakuuliza. Alinunua kufuli akafunga tangi. Kesho yake mwenzake naye akafunga lake. Sasa paa letu lote ni makufuli, na wazee wale wakikutana ngazini kila mmoja anaangalia ukuta. Baadaye fundi alikuja akaona tangi lilikuwa limepasuka chini. Maji yalivuja tu. Lakini makufuli hayajatoka.

Hajja peke yake hataki kufuli. Kuna familia kutoka Syria wanakaa chini kabisa, tangi lao ni dogo na wana mtoto mchanga. Kila Ijumaa Hajja ananituma nipeleke ndoo. Nilimwuliza, na sisi tukipungukiwa? Akasema, "Tutapungukiwa sote wawili kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko mmoja kukosa kabisa."

Nakueleza tu, Baba. Wewe ni mtu ambaye watu wanakusikiliza pale kijijini. Kaa karibu na ile foleni.

Binti yako,
Chepkemoi

*

Chepilat
21 Machi 2023

Chepkemoi,

Tunakusalimu. Afya yetu si mbaya. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka mambo yatulie kwanza nikuandikie yakiwa yameisha. Hayajaisha.

Baada ya ugomvi mwingine pale chini, safari hii wa fimbo, kokwet iliitwa. Wazee wote wa kijiji walikaa kwenye nyasi juu ya chemchemi. Kipyegon ndiye aliyesimama. Unamjua akisema: haharakishi.

"Aron," akasema, "maji yamebaki haya. Wale wa ng'ambo wana kaunti yao na gavana wao. Wakamwombe huyo. Sisi tuweke ua na geti, tuchote sisi, mpaka mvua irudi."

Nikasema, "Okemwa ni shemeji yangu."

"Okemwa hatujamtaja. Na bibi yako hatumsemi, yeye ni wetu. Tunasema wale wengine."

Hakuna aliyepinga. Watoto wao wanalala na midomo mikavu, na mimi siwezi kumwambia mzazi asiogope. Nikakubali. Nilifikiri, watu wakianza kuuana pale hakuna atakayechota, si wa huku wala wa kule. Basi ua umewekwa, geti la chuma, na kufuli. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine Kipyegon.

Mama yako alikuwa ametuletea chai. Alisikia yote. Aliweka birika chini, akasema, "Asanteni kwa kikao," akarudi nyumbani. Nikasema moyoni, amelichukua vizuri.

Asubuhi nikamwona anachukua mtungi na kuipita njia ya chemchemi.

"Nyabate, unaenda wapi?"

"Mtoni."

"Na chemchemi iko hapa?"

"Ile imefungwa."

"Wewe hujafungiwa."

Akasimama. "Mimi ni binti wa Bosire. Kama mtoto wa Bosire hachoti, basi mtoto wa Bosire hachoti."

Tangu siku hiyo anateremka bondeni kila asubuhi na kupanda na mtungi kichwani. Hagombani na mimi. Ananipikia, ananiuliza kama nimelala vizuri. Lakini mto umebaki madimbwi, ng'ombe wanasimama humo humo, watu wanafua humo humo, na chai tunayokunywa ina ladha ya udongo. Nimejaza mitungi ya chemchemi na kuiweka jikoni. Haigusi.

Okemwa alikuja Alhamisi, labda hakuwa amesikia. Mitungi yake alikuwa ameshaijaza mbali, anapita tu na punda. Vijana wanaolinda wakadhani ameiba, wakaimwaga yote pale njiani. Maji yalipotea ardhini kabla sijafika. Okemwa aliniangalia, akamgeuza punda.

Mpigie mama yako simu. Wewe anakusikia. Mwambie geti hili ni la amani.

Baba yako,
Aron

*

Amman
26 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nilimpigia Mama kama ulivyosema. Nilizungumza muda mrefu. Nilipomaliza akaniuliza kama ninakula, na kama Hajja ana blanketi ya kutosha. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Baba, wewe hukunilea kuwa mtu wa kujibizana na wakubwa, na sitaki kuanza leo kwa sababu tu bahari iko katikati yetu. Lakini kuna kitu lazima nikuulize. Kipyegon anasema Mama ni wenu. Mimi je? Mjomba Okemwa ndiye aliyenibeba nilipovunjika mguu darasa la nne, kutoka Chepilat mpaka hospitali, na mvua inanyesha. Wale vijana walimwaga maji ya mtu huyo. Geti la amani, halafu mama yangu anakunywa maji ya ng'ombe? Hiyo amani ni ya nani?

Hajja aliniona nikilia akataka nimtafsirie barua yako yote. Nikajaribu. Akasema kwamba kwao chemchemi haikukauka siku moja. Ilichukua miaka. Na miaka yote hiyo walikuwa wakigombana juu ya kile kilichobaki, ukoo na ukoo, kesi mpaka mjini. Ilipokauka kabisa walikuwa wamefika mahali ambapo hawaendi hata kwenye mazishi ya wenzao. Akasema, "Maji yalipoondoka hatukuwa hata na mtu wa kulia naye."

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Niandikie upesi.

Binti yako,
Chepkemoi

*

Amman
18 Aprili 2023

Baba,

Uko salama? Mama yuko salama? Sijapata jibu lako. Simu ya Mama haiingii. Pasaka nimewapigia mpaka nikachoka.

Nimemwuliza Nganga. Amesema hujafika dukani siku nyingi, na kwamba afadhali nimwulize mtu wa nyumbani. Mtu hasemi hivyo kama hakuna jambo.

Kama umekasirika kwa sababu ya barua yangu, nikasirikie. Lakini andika, hata mstari mmoja.

Chepkemoi wako

*

Chepilat
29 Aprili 2023

Mwanangu,

Salamu zitakuja baadaye. Mama yako yuko hai, na anapona. Soma hilo mara mbili ndipo uendelee.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliiweka mfukoni. Nikiwa bado naitembeza, mama yako akaanza kulalamika kichwa. Akasema ni jua la kule bondeni. Halafu homa. Tukadhani malaria, akameza dawa, akaamka akaenda mtoni tena. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Nganga alitupeleka hospitali kwa gari lake, na mimi nilikaa nyuma nimemshika kichwa. Daktari hakuchukua muda: taifodi, tena imekwenda mbali mpaka matumbo. Akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

Nilimkataza Nganga asikwambie. Usimlaumu. Nilitaka kwanza kujua ninakuandikia habari gani.

Kulikuwa na siku mbaya sana. Homa ilimpanda akawa anaongea bila kunyamaza, na yote kwa Kikisii. Kiswahili chetu kilikuwa kimemtoka kabisa. Chepkemoi, nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nilikaa pale nikimsikiliza kama mgeni. Neno moja tu ndilo nililolishika, amache, maji. Nikamletea kikombe, akakisukuma. Nikamletea tena, akasukuma, na machozi yanamtoka. Sikujua anataka nini.

Ndipo Okemwa akaingia. Sijui nani alimwambia. Alikuwa na chupa ya chai kwapani. Hakunisalimu, aliinama tu akamsikiliza dada yake.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema mtungi umejaa. Anaita mtu aje amsaidie kujitwika."

Akamjibu kwa lugha yao, polepole, akamwekea mkono begani kama anayeinua kitu. Mama yako akanyamaza. Akalala.

Ile chupa ilikuwa na maji yaliyochemshwa. Aliyatoa upande wa Keroka, kwa miguu, kwa sababu alisikia kwamba maji ya huku yanaua watu. Aliyaleta kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Alinimiminia kikombe akakishika mpaka nikakipokea. Nilikunywa. Nilikuwa sijanywa kitu tangu asubuhi.

Niliporudi nyumbani nilipita moja kwa moja chemchemi. Ufunguo nilikuwa nao, lakini geti ukilifungua, mwingine atalifunga. Nikaling'oa kwenye bawaba zake na kulilaza kwenye nyasi. Vijana waliokuwa wakilinda wakakimbia kumwita Kipyegon. Akaja na fimbo, anahema.

"Nani amekuruhusu?"

"Shamba ni la baba yangu."

"Chemchemi si yako peke yako, Aron!"

"Hilo ndilo ninalosema."

Akasimama pale. Tuliingia jandoni pamoja, mimi na yeye. Tumesaidiana kuzika wazazi. Akasema, "Umevunja neno langu mbele ya watoto." Nikamwambia mke wangu yuko hospitali kwa ajili ya neno hilo, na kama anataka kunipiga anipige sasa kabla sijachoka. Hakunipiga. Aligeuka akaenda. Tangu siku hiyo hanisalimu, na kanisani amehamia benchi za upande ule mwingine.

Wengine nao hawakufurahi. Wiki ya kwanza nilikaa pale kutwa nikiogopa damu. Watu wa ng'ambo walikuja wachache, wakiangalia nyuma. Kilichosaidia ni Rodah, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Alikuja na kiti chake, akaketi mbele kabisa, akaanza kupanga foleni: mtungi wa huku, mtungi wa kule, mtungi wa huku. Kijana mmoja akajaribu kubisha. Rodah akamwambia, "Nilikuwa nimeshika taa mama yako alipokuzaa. Rudi nyuma." Akarudi.

Mvua imekuja hatimaye, kwa hasira. Mawe ya mvua yalipiga hata yale machipukizi machache. Maji yaliteremka kilimani yakinguruma kama lori, yakaenda zake mtoni na udongo wetu. Nilichimba kwa jembe jioni ile: chini ya vidole vinne ardhi ni kavu.

Mama yako anakunywa uji. Jana alinigombeza kwa sababu shati langu lina mikunjo. Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo?

Baba yako,
Aron

*

Amman
3 Mei 2023

Baba,

Sijambo sasa. Nimesoma mara mbili kama ulivyosema, halafu mara nyingine nyingi.

Nilikuwa na hasira na wewe kwa kunificha. Bado ninayo kidogo, nitaimaliza nikifika. Nilipanda juu ya paa nikalia huko katikati ya yale matangi ili Hajja asinisikie, na nilipotelemka akasema macho yangu ni mekundu kama nyanya na niache kudanganya. Nikamwambia Mama alikuwa mahututi. Siku ile hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia nikae, akajaribu kunitengenezea chai kwa mkono wake mmoja. Ilikuwa mbaya sana, nikaimaliza.

Mama amenipigia kwa simu ya muuguzi. Sauti yake imekuwa ndogo. Nilimwambia narudi nyumbani, naacha kila kitu. Akasema nimalize mkataba wangu, kwamba mtu haachi mgonjwa wa watu katikati ya safari, naye ana watu wa kumshika. Akakutaja wewe kwanza, halafu Mjomba.

Baba, uliyoyafanya pale getini, sijui niyaandike vipi. Najua Kipyegon ni nani kwako. Natamani ningekuwepo nisimame karibu nawe.

Mpe Rodah salamu zangu. Mwambie Amman inamhitaji, hasa Jumanne.

Binti yako,
Chepkemoi

*

Chepilat
20 Agosti 2023

Chepkemoi, mama yangu,

Chamgei mising. Sote tuko na nguvu. Mama yako amerudisha mwili, na sauti yake wewe mwenyewe umeisikia. Masikio yangu ndiyo yanayozidi kwenda, lakini wewe sasa ni mwandishi kwa hiyo sijali.

Nataka ujue hali ilivyo, usije ukafika ukidhani mambo yamerudi kama zamani. Mvua ya masika imepita, na kwa kawaida mwezi huu chemchemi huwa inaimba. Haiimbi. Inatoa zaidi ya Machi, lakini si kama ulivyoiacha. Alikuja bwana mmoja wa mambo ya maji, kijana mwenye adabu, akazunguka kilima chote. Akatuambia mvua sasa inanyesha kwa kishindo na kwa muda mfupi, haikai ardhini ikanywewa, na kule juu miti iliyokuwa ikiishika haipo. Akasema si kwetu tu. Nikamwambia ninajua, nina binti Amman.

Kwa hiyo tumekubaliana, huku na kule, kwenye kikao kilichochukua mchana mzima na kelele nyingi. Ng'ombe wasikanyage tena pale juu, tumewachimbia hori chini. Kuna kamati, Rodah ni mwenyekiti, Okemwa ni msaidizi wake. Tumechimba mitaro kukata mteremko ili mvua isimame kidogo kabla ya kuondoka, na tumepanda miti ya kienyeji kuzunguka jiwe. Mingine imeshaliwa na mbuzi. Tumeipanda tena.

Kipyegon hakuja kwenye kikao. Alimtuma mkewe, Janeffer. Siku ya kuchimba mitaro alikuja peke yake, akachimba upande wa pili wa kilima, hakuniangalia, akaondoka kabla ya chakula. Mtaro wake ulikuwa umenyooka kuliko wetu wote. Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili. Aliniambia niketi. Tulikaa tukizungumza habari za bei ya mbolea, na kuhusu lile lingine hakuna aliyefungua mdomo. Labda mwakani. Labda hapana. Nitaendelea kwenda.

Sijui maji haya yatakaa mpaka lini. Nilikuwa nikifikiri baba yangu aliniachia kitu kisichokwisha. Sasa nalala nikiwaza nitakachokuachia wewe, na sioni kama ni shamba. Lakini mambo haya hayafai kuandikwa kwenye barua inayosomwa na Nganga.

Mama yako amesimama hapa nyuma yangu. Anasema nimeandika mengi kuliko mchungaji na kwamba sasa nimpe kalamu. Hajawahi kutaka kuandika. Haya, nampa.

Baba yako,
Aron

Chepkemoi mwanangu,

Usitishwe na mambo ya baba yako, amekuwa mtu wa kuwaza. Mimi ni mzima. Mpe Hajja pole ya mguu, umwambie nimemshukuru kwa kukushika.

Asubuhi nakwenda kuchota hapo chini na wifi yangu, mke wa Okemwa, na Janeffer wa Kipyegon akiwahi. Mwanzoni Janeffer alikuwa akisimama mbali. Maji yanatoka polepole siku hizi, unaweka mtungi unangoja sana. Basi tunaketi. Jana alitufundisha kusema "mtungi umejaa" kwa Kikipsigis, na mimi miaka yote hii nilikuwa nikisema vibaya.

Mama yako,
Nyabate